Maneno Kumi na Mawili Kwenye Pindo

Saa nane za usiku, Córdoba, baridi ya Julai,
hita ya gesi ikikohoa, chai ya yerba imepoa.
Ulises alikuwa amelala juu ya kibodi, shavu kwenye herufi,
na mimi nikaandika mistari kumi na tisa
ya kumfungulia mtu pochi ambayo hakuiomba.

Ndivyo tulivyotaka. Asiulizwe kitu.
Aweke baruapepe, aweke tarakimu sita,
na kabla hajapepesa jicho
ufunguo uwe umezaliwa, umekatwa vipande vitatu:
kimoja kilale ndani ya simu yake,
kimoja kwenye seva zetu, katika ubaridi wa nchi nisiyoijua,
kimoja kifungiwe mbali, cha siku ya balaa.
Viwili vikikutana, mlango unafunguka.
Kimoja peke yake ni chuma chakavu.

Siri ya mtungi aijuaye kata;
hapa kata nimeivunja,
na mtungi wenyewe haujui kama ni mtungi.

Asubuhi kikaoni tulipiga makofi.
Hakuna neno ufunguo kwenye skrini, hakuna mnyororo,
kuna kitufe cha kijani tu: Pokea.

Mama yangu hakupiga makofi.
Alikuwa anakata vitunguu nilipomweleza.
"Kwa hiyo fedha ni zake?" Zake.
"Na ufunguo ni wake?" Wake, mama, ila hajui kuwa anao.
Akaosha kisu. Akaosha tena kisu kile kile.
Mwaka ule benki ziliposhusha mageti
alisimama foleni na kitabu chake cha akiba,
kila senti na tarehe yake.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
yake ilipotea na daftari mkononi,
na habari redioni kutwa.

Mtumiaji wa elfu nne mia mbili na kumi na moja
ni Nélida Brizuela wa Río Tercero,
anayeshona makoti meupe ya watoto wa shule.
Binti yake humtumia fedha kutoka Valencia.
Nisingemjua. Kwangu ni mstari kwenye jedwali,
sifuri, eksi, halafu mkia mrefu wa herufi na tarakimu.
Lakini Agosti simu yake ilitumbukia kwenye beseni la nguo,
kipande kimoja kikafa na sabuni.
Akanunua simu ya mtumba, akaweka baruapepe,
akaweka tarakimu sita,
na vile viwili vilivyobaki vikatafutana gizani
vikashikana mikono. Senti haikupungua.
Nilikuwa macho, nikaliona neno kwenye kumbukumbu za mashine:
imerejeshwa.
Nikapiga kelele. Ulises akaamka akidhani moto.

Kuna kitufe kingine. Tumekificha chini kabisa,
chini ya lugha, chini ya masharti yasiyosomwa:
Toa ufunguo wangu.
Tulikiweka kwa ajili ya dhamiri zetu.
Ukikibonyeza, maneno kumi na mawili hujipanga,
na atakayekuwa nayo ndiye mwenye mali, basi.
Hatukutarajia mtu akibonyeze.

Septemba ikaja barua kwenye dawati la huduma:
"Vijana, nimekuta maneno kumi na mawili.
Nimeyasoma mbele, nimeyasoma nyuma,
hayatoi sentensi. Sala si sala, kitendawili si kitendawili.
Sikuyaandika kwenye karatasi, karatasi huliwa na panya.
Nimeyatarizi kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe,
nikakikunja ndani ya pindo la koti
la saizi ndogo, lisilouzwa.
Nimefanya sawa?"

Ulises anataka tumtumie jibu namba saba,
lile la Asante kwa kuwasiliana nasi.
Nimelifuta mara mbili.
Maji yamechemka tena. Kielekezi kinapepesa.
Naandika: Bibi Nélida,
halafu nabaki nikipapasa pindo la sweta yangu,
uzi uliolegea,
kana kwamba nami kuna mtu alinishonea kitu
akasahau kuniambia.