Kibati

Mimi si daktari. Mimi ni yule anayeitwa
umeme ukirudi vibaya,
fundi mwenye bisibisi mfukoni na grisi kwenye kucha.
Hospitali yetu ya watoto ina ghorofa moja na nusu
(nusu nyingine ilingoja mfadhili, mfadhili akabadili nia)
na karibu kila kilichomo kimetoka ng'ambo:
vitanda vya Waswisi, taa za kanisa moja la Korea,
mizani ambayo, mpaka nilipoirekebisha,
ilimwongezea kila mtoto gramu mia.
Wiki nzima tulifurahi. Watoto wananenepa!

Kisanduku cha joto namba tatu kilitoka Japani.
Ubavuni kina kibati, na kwenye kibati maandishi
yaliyosimama wima kama mvua isiyo na upepo.
Niliyatazama nikajiambia: hili ni onyo.
HATARI. UMEME. USIGUSE.
Basi miaka miwili betri nikaifikia kwa upande wa pili,
nimejipinda kama kaa chini ya meza,
na wanagenzi wangu nikawafundisha hivyo hivyo.
Ujinga wangu nikaurithisha.

Mwezi wa saba, Mto Nam Khan ukiwa rangi ya chai ya maziwa,
alikuja daktari Ogasawara, wa wiki tatu,
mwanamke mfupi anayefinyanga wali wa kunata kwa vidole kama sisi
ila pilipili yetu inamliza.
Alinikuta nimejipinda. Akauliza kulikoni.
Nikamwonyesha onyo.
Akalisoma. Nilitaraji acheke, hakucheka.
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena,
na muuguzi Vilayphone akanitafsiria:

"Kwa Minato. Aliishi siku arobaini na moja.
Wewe uliyemo humu, kaa zaidi."

Nilirudisha skrubu nne mahali pake.
Moja iligoma. Nikaiacha igome.

Wiki ile mlikuwa na mtoto wa Kihmong ndani,
kilo moja na robo, hana jina.
Kwao jina hutolewa siku ya tatu, mlangoni pa nyumba,
kwa kuku na mayai na uvumba, roho iitwe iingie;
naye siku ya tatu alikuwa safarini,
kifuani pa baba yake, juu ya pikipiki, mvuani.
Kwenye faili Vilayphone aliandika: Mtoto wa Pa Zoua.
Roho yake, bibi yake alisema, bado iko huko njiani,
pengine imesimama kwenye daraja lililovunjika
inangoja lifti.

Nani alinituma? Mdomo wangu tu.
Nikamweleza bibi habari za kibati.
Alikaa kimya mpaka dripu ikaisha,
kisha akauliza: "Huyo wa kwanza, roho yake iliitwa?"
Nikasema sijui.
Daktari Ogasawara akasema naye hajui.

Usiku taa zilizimika. Jenereta ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.
Nilikimbia na tochi mdomoni
nikafungua upande wa karibu, upande wa kibati,
dakika moja badala ya nne.
Zile tatu nilizihesabu baadaye, nimekaa ngazini,
mkono ukinitetemeka hata sigara isiwake.

Asubuhi kwenye komeo la kisanduku palikuwa na uzi mweupe wa pamba,
fundo moja, sawa na ule wa mkononi mwa mtoto.
Kanuni iliyobandikwa ukutani kwa lugha tatu inakataza.
Vilayphone aliisoma kanuni, akautazama uzi,
akachukua pamba na spiriti
akaufuta taratibu, kama anayeosha sikio la mtoto,
akauacha.

Mtoto alikwenda kwao na kilo mbili.
Jina walilompa sikulisikia.
Uzi bado upo, umekuwa wa kijivu.
Jumatatu ni zamu yangu kuufuta.