Kovu

Tosamaganga, Julai. Baridi inatafuna mifupa
kama panya aliye darini.
Bruda Kihwele kanipa kazi ya likizo:
kufasiri maisha ya Mtakatifu Nikerato,
ambaye hata kalenda ya parokia haimtaji,
aliyezama baharini mara mbili
na mara mbili bahari ikamtema.

Ukurasa wa kumi na tisa, kalamu ikagoma.
Dhoruba hii naijua.
Mlingoti huu uliovunjika, maharamia hawa,
pacha waliopotezana sokoni.
Wayunani walisimuliana haya juu ya divai
kabla msalaba haujasimikwa popote.
Mwandishi mcha Mungu kayabeba mazima mazima,
kafuta jina la mungu wa bahari,
kaandika *Bwana* papo hapo palipofutwa,
na chumvi haijakauka.

"Bruda, huyu mwizi."

Anamenya viazi. Kichwa hakiinui.
"Matofali ya kanisa letu yalitoka wapi?"
"Udongo wa bondeni."
"Ule waliofinyangia vyungu vya pombe?"
"Ule ule."
"Basi fasiri. Na uniletee chumvi."

Nikafasiri. Kwa hasira, lakini nikafasiri.
Nikerato anarudi kwao, ndevu hadi kifuani,
mama yake anamtupia mkate kama mgeni.
Usiku mtumishi mzee anamwosha miguu,
vidole vyake vinapita juu ya kovu la goti,
beseni linapinduka.
Wale wa kale walisema: jeraha la nguruwe mwitu.
Huyu kasema: jino la Ibilisi.
Mguu haukubadilishwa.

Hapo nikaweka kalamu.

Kwa maana babu yangu alirudi Ifunda
baada ya miaka kumi na minane ya migodi ya Makaburu,
suti ya kijivu, Kihehe kimeota kutu,
akajiita rafiki wa marehemu.
Bibi Semduda akampa maji ya kuoga miguu,
akainama kumsugua, kama desturi ya mgeni wa mbali,
akakuta pale jembe lilipompata
mwaka wa nzige.
Hakupiga yowe. Beseni halikupinduka.
Alisema tu, "Maji yamepoa,"
akatoka, akasimama nyuma ya kihenge
mpaka jogoo wa pili.

Bibi hakuwahi kushika kitabu
ila kile cha madeni ya duka la Mwarabu.
Nani kamwibia nani?

Taa ya chemli inaomba mafuta.
Nje, mikaratusi inasugua paa la mabati.
Nafungua kamusi ya Bruda, ile isiyo na jalada,
natafuta Kiyunani cha kovu,
kwa kidole, herufi kwa herufi,
nalitamka kwa sauti ndani ya chumba kitupu:

*ule*.

Nalirudia.
Ule ule.