Kichwa Mwisho

Somo la kwanza si kwenda. Ni kupinduka.
Naigaga, maji kiunoni, pale Bujagali
ambako hata maporomoko yenyewe yalizama,
ameshika pua ya kayaki yangu kama ya ndama:
"Gonga ubavu mara tatu, ndipo utoke."

Nagonga mara moja. Nachomoka nikikohoa,
kafi langu lishakwenda zake.
Opolot anacheka, mpaka zamu yake.

Siku ya nne, kuinuka bila kutoka.
"Unavuta kwa mikono," asema. "Mikono haijui.
Nyonga ndiyo igeuze chombo.
Kichwa kije mwisho."

Kichwa mwisho! Mimi niliyelipiwa ada
miaka kumi na mitatu ili kichwa kitangulie.

Jaribio la saba. Chini ni kijani, kisha kahawia,
mto umenijaa masikioni
kama darasa lisilo na mwalimu.
Nahesabu. Moja. Mbili. Naingoja tatu,
nayo haina haraka.
Nyonga.
Bega.
Halafu, kama mchelewaji anayenyatia mlangoni,
kichwa.

Jinja yote ipo palepale, imelowa.
Naigaga hapigi makofi.
"Sasa upande wa kushoto."