Yuko Mbele

Nilimuuliza kwa Kihispania safi cha Arequipa,
polepole, kwa sauti ya juu,
kana kwamba uziwi ndio uliomleta:
Mume wako, mama, yuko wapi?
Asunta Ticona akanyoosha mkono,
akanielekezea kidole usoni,
kikapita ubavuni mwa sikio langu la kushoto.
Nikageuka. Ukuta, kabati, kalenda ya benki.
Haya, yuko mbele, nikasema, labda anakuja.
Nikaandika: Yu hai.
Nikagonga muhuri. Muhuri wetu ulikuwa na mlio mtamu.

Hivyo ndivyo Fermini Laqui, aliyezikwa Juni,
ardhi ikiwa imeganda hata sururu zikalia,
alivyofufuka katika dirisha namba tatu, mjini Ilave,
na mjane wake akanyimwa pensheni
kwa kosa la kuwa na mume.

Alirudi mara nne.
Mwendo wa saa tatu kwa basi, kuja tu.
Safari ya pili aliuza kondoo.
Ya tatu alikuja na Wilber, muuza mikate wa getini,
aliyetoza soli mbili kwa kila sentensi,
naye, biashara ni biashara,
akazikatakata sentensi ziwe nyingi.

Mkuu wangu, Olaechea, hakuwa mtu mbaya.
Makaa ya jiko la ofisi aliyanunua kwa mshahara wake.
Alisema: Lugha ni arobaini na kitu, hazina ni moja.
Leo fomu ya Kiaymara, kesho ya Kikechua,
keshokutwa wa msituni naye atadai yake,
na huko shuleni paa linavuja.
Wajifunze. Babu yangu alijifunza.
Na kweli, paa lilikuwa linavuja.
Sikuwa na la kumjibu. Hata leo
jibu langu lina matundu kama paa lile.

Ila nimepiga hesabu, ndiyo kazi niliyosomea:
nauli mara nne, kondoo mmoja,
soli mbili mbili za maneno yaliyokatwakatwa,
siku nne viazi vikimngoja shambani.
Gharama ya lugha ya pili ililipwa zamani,
ila hatukuilipa sisi.
Hakuna ofisi isiyo na mkalimani.
Kuna ofisi isiyomlipa.

Safari ya nne Wilber alikuwa mgonjwa.
Mama akanyoosha mkono tena, palepale, sikioni pangu,
nami nikageuka tena, mjinga yuleyule.
Aliyecheka ni Nikasia, mfagiaji,
ameegemea ufagio wake wa miaka kumi na mmoja.
Hakuonyeshi mtu, akasema. Anakuonyesha zamani.
Kwetu yaliyopita yako mbele, kwa kuwa umeyaona.
Kesho ndiyo iko mgongoni.
Nani ana macho kisogoni?
Anakwambia alikuwepo. Anakwambia amekufa.

Mbona hukusema siku zote hizi?
Akakamua tambara ndani ya ndoo.
Mlituambia humu ndani ni Kihispania tu.

Nikachukua kalamu kufuta. Haikufutika.
Mfu akishaandikwa hai,
kumfisha upya ni kazi ya Lima:
nakala tatu, mashahidi wawili,
na fomu ambayo, nadhani mnajua, ni ya lugha gani.

Machi nikahamishwa, barua ya Lima haijafika.
Jioni ya mwisho, watu wameondoka,
nilizunguka nikakaa upande wa pili wa kioo,
kwenye benchi lao lenye mguu mfupi.
Nikanyoosha mkono kama yeye.
Kidole kikapita pale kichwa changu kinapokaaga,
kikaenda moja kwa moja hadi kabatini,
droo ya herufi L.

Hakuwa amekosea hata chembe.
Yumo humo Fermini, mbele kabisa,
mzima wa afya,
kwa mwandiko wangu.