Vijiko Kumi na Kimoja

Mama alikuwa na sheria zake za lundo:
kibichi kimoja, vikavu viwili,
ganda la kiazi lisilale bila blanketi la majani.
Nyama marufuku. Mkate marufuku, panya wana masikio.
Machicha ya kahawa, karibu.
Maganda ya mayai yapondwe kwanza,
"kwani lundo lina meno?"

Hapa Liepaja upepo wa Baltiki hauna adabu;
kila Oktoba huyabeba majani ya mtofaa wetu
hadi kwa Ausma, ng'ambo ya uzio,
na Ausma, kabla ya ule ugomvi,
aliyarudisha kwa toroli, akicheka.

Ugomvi ulianza na kijiko.
Kile cha fedha, cha harusi ya bibi, chenye waridi mpinini.
Kisha cha pili. Kisha cha tano.
Mama akaihesabu droo kama karani wa benki,
akatoka na ndara thelujini,
akapaza sauti mtaa mzima usikie:
Ausma ni mwizi.

Miaka minne uzio ule ukawa mpaka wa nchi.
Mimi nilinyamaza. Kunyamaza nako ni kusema.

Tulimzika Januari, ardhi ngumu kama chuma.
Aprili nikashika uma, nikaligeuza lundo.

Juu, bitiruti bado zina rangi, kabichi ina uvundo.
Chini yake joto, mvuke, nyungunyungu
wamejikunja kama mwandiko wa daktari.
Chini zaidi hakuna ganda, hakuna jani, hakuna jina,
weusi tu, unaonukia msitu.
Na hapo uma ukagonga kitu: ting.

Kijiko.
Na kingine.
Alivimwaga pamoja na machicha,
pamoja na akili yake,
kidogo kidogo, kila baada ya kahawa,
na lundo, lilalo kila kitu,
hivi halikuviweza.

Nikaviosha, kumi na kimoja. Nikajaza ndoo mboji.
Nikazunguka uzio, nikabisha.

Ausma alivitazama vijiko kuliko alivyonitazama mimi.
Akatia mkono ndooni, akafinya, akanusa.
"Imeiva," akasema. "Nyanya zitaipenda."
Kisha, akimimina chai bila kuniuliza kama nataka:
"Vilikuwa kumi na viwili, Gunars.
Tulivisugua pamoja kila Pasaka."

Jioni nilisimama kwenye lundo, uma mkononi.
Nikaurudisha ukutani.
Kimoja kikae.
Nikamwaga maganda ya chakula cha usiku,
nikayafunika: vikavu viwili, kibichi kimoja.