Neno Dogo Kabla ya Bahari

Saa tisa usiku Kutaisi bado imelala.
Mimi nachochea kuni, Nazibrola anachochea vitenzi.
Unga umempanda viwikoni, daftari liko juu ya gunia la chumvi;
anabandika donge ukutani mwa tanuri, pa!
kisha anabandika sentensi hewani:
mimi naoka, wewe unaoka, sisi tumekuwa tukioka.
Hiyo ya mwisho aliirudia mikate thelathini.

Lugha yetu ya Kijojia haimuulizi mtu
kama ni wa kiume au wa kike kabla ya kumtaja.
Kiingereza hutaka kujua kwanza, kama mlinzi wa geti.
Basi wiki nzima nilikuwa mwanamke katika jiko langu mwenyewe:
mume wangu, bibi huyu, amechoka, anataka chai.
Sikujua. Nilitabasamu tu, nikanywa chai yangu.

Akakata maboksi ya hamira, akaandika majina,
akayagundisha: koleo, ungo, mlango, ndoo.
Paka alitembea siku mbili na jina mkiani.
Mimi nilibandikwa mgongoni
nikaenda hivyo hivyo mpaka kwa Shukri, muuza kuni,
aliyecheka ingawa hajui hata herufi moja.
Kumbe nilikuwa mizani.

Wana neno dogo hao Waingereza,
halifikii uzito wa punje ya ufuta.
Huliweka mbele ya kitu mnachokijua wote:
si mkate wowote, ni ule;
si mlango wowote, ni huo uliouacha wazi.
Nazibrola hulisahau kila mara,
na mwalimu wake, Eteri, binti wa fundi saa,
humchorea duara jekundu palipo pengo.
Daftari limeota tetekuwanga.

Nilimuuliza mara moja: ya nini yote haya?
Akasema, kichwa kisishike kutu.
Sikuuliza tena.

Mimi sijifunzi. Nasimama tu na koleo langu,
miezi minane sasa,
na sikio halina kifuniko.

Februari ikaja zamu ya *kama*.
Kama mvua ingenyesha, tungebaki ndani.
Kama Tomu angekimbia, angeliwahi basi.
Huyo Tomu wao hawahi kitu.
Halafu Eteri akawaambia, sasa tungeni zenu,
na alfajiri moja, kati ya mkate na mkate,
nikasikia ambayo haikuwa ya kitabuni:

*kama nisingaliolewa na mwoka mikate,
ningaliiona bahari.*

Nikaielewa yote.
Hakuna aliyenitafsiria.
Bahari iko asubuhi moja tu kwa treni,
lakini mji hula mkate kila siku,
hata Pasaka, hasa Pasaka,
na miaka ni thelathini na mmoja.
*Ngali*, mlango uliofungwa
na ufunguo umebaki ndani.

Mkate mmoja ukadondokea makaani.
Hakuna aliyeinama.
Nikatafuta la kusema, na katika yote
aliyonijaza masikioni tangu kiangazi
nikapata hili tu:
umesahau neno dogo.
Hapo. Kabla ya bahari.

Akanitazama kama aliyesikia tanuri likipiga chafya.
Akafuta unga kidoleni, akachukua kalamu, akalitia.
Halikuondoa kitu.
Sentensi ikawa sahihi, basi.

Jumapili nilitundika kibao mlangoni, kwa mkono wangu,
kwa Kiingereza: tumefunga.
Mtaani kwetu hakuna anayekisoma.
Waligonga, nasikia, mpaka saa nne,
mama Lamara akagonga kwa fimbo.

Sisi tulikuwa Poti, upepo unatupokonya kofia,
maji ya kijivu kama ya kusuuzia ndoo.
Nazibrola akayatazama kwa jicho la kusahihisha,
mikono ndani ya koti.
Ndiyo hiyo? akauliza.
Ndiyo hiyo.

Akanyamaza kitambo kirefu,
kisha akaniuliza kama nilizima tanuri.