Aliyetupa Mgongo

Orodha tuliibandika kwenye friji
kwa sumaku yenye umbo la kondoo:
kilo zisizidi nane,
asimbwekee mleta barua,
asichoke kukumbatiwa,
aziweze ngazi zetu kumi na nne, zilizosimama kama ukuta.
Iolo akaongeza kwa kalamu nyekundu: asiwe ghali.
Mabli, miaka sita, akaandika chini kabisa,
herufi zimelala chali:
ASIUME.

Tangu Pasaka, mbwa wa jirani alipomshika kiwiko,
mwanangu huvuka barabara akisikia mnyororo,
hata uwe wa baiskeli.

Mzee Idwal, baba wa mume wangu,
aliyepasua mawe ya kuezekea miaka thelathini na mmoja
akaacha vidole viwili huko machimboni,
aliisoma orodha, akakohoa, akasema:
"Mbwa ni yule anayewajua kondoo mia kwa harufu.
Hicho mnachokitaka ni tambara la deki lenye macho."
Lakini Jumamosi alikuwa wa kwanza garini,
amevaa tai.

Mvua ya Blaenau hainyeshi, inahamia.
Tuliingia jikoni kwa Bi Eluned nguo zikichuruzika,
na watoto watano wa spanieli wakatuvamia
kama maharage yaliyomwagika sakafuni:
mmoja kamba ya kiatu, mmoja pindo la koti,
mmoja kakojolea buti la Iolo kwa utulivu wa hakimu.
"Wapole hawa," akasema Bi Eluned, "wapole mno,"
huku akimchomoa wa nne ndani ya kapu la viazi.

Mabli alikuwa juu ya kiti.
Hakulia. Afadhali angelia.
Alikunja vidole vya miguu ndani ya soksi,
niliviona,
nikaanza kutafuta maneno ya kuaga
yasiyomvunjia mtu heshima.

Ndipo chini ya meza akatoka mama yao,
rangi ya chai iliyozidi maziwa,
ncha za masikio zimelowa kwenye bakuli la maji,
hana haraka ya kupendwa.
Akamtazama Mabli mara moja tu,
akageuka, akaketi,
akampa mgongo.

Kwetu sisi watu hilo ni tusi.
Yeye aliutoa kama anayemkaribisha mgeni:
nitazame, mimi sikutazami;
meno yangu yako upande wa pili.

Saa ya ukutani ikala dakika zake.
Mguu mmoja ukashuka. Ukangoja mwenzake.
Kidole kikagusa manyoya ya shingo,
kikarudi mfukoni,
kikatoka tena na ndugu zake wanne.

"Huyo simwuzi," akasema Bi Eluned.
"Ana miaka sita, amezaa mara tatu, namtafutia pa kupumzikia.
Tena daktari kasikia mnong'ono moyoni mwake.
Mdogo, ila upo. Ndiyo maradhi ya ukoo wao."
"Sita kama mimi," akasema Mabli, bila kuinua kichwa.
Iolo akanitazama.
Tulikuja na hesabu ya miaka kumi na mitatu;
hii ilikuwa mitano, labda, na vidonge.

"Hata wangu unanong'ona," akasema Mzee Idwal,
na mkono wa vidole vitatu ukaning'inia kando ya kiti
kana kwamba umechoka tu.
Kidevu kikaja kutua juu yake.

Anaitwa Menyn. Kwa lugha ya nyumbani ni siagi.
Ngazi zimemshinda; tunambeba, kilo tisa na robo.
Mleta barua hubwekewa kila siku, Jumapili tu hupona
kwa kuwa haji.
Orodha bado ipo kwenye friji.
Nyuma yake nimeandika: maziwa, vitunguu, dawa ya moyo, mbili.

Na jana usiku, akidhani tumelala,
Mzee Idwal alikuwa sebuleni gizani
akilitajia tambara la deki
majina ya mbwa wake wote wa zamani,
mmoja mmoja, taratibu,
kama anayemtambulisha mkwe kwa ukoo.